Huruma ya Wazazi Wawili: Mateso na Neema katika Riwaya ya Alan Paton

Kila tusomeshapo riwaya ihusuyo imani ya Kikristo, hakosekani mwanafunzi wa kuandika kwamba dhamira yake kuu ni kuwa mateso huleta neema. Jibu hilo ni fupi, hukaririka kwa urahisi, na mara nyingi hupewa alama. Sisi twaliona kuwa jibu la hatari, na katika makala haya tumekusudia kulipima kwa riwaya mashuhuri ya Alan Paton wa Afrika Kusini, Cry, the Beloved Country.

Paton (1903–1988) alikuwa Mwanglikana, na tangu mwaka 1935 aliongoza shule ya kurekebishia vijana wahalifu huko Diepkloof, Johannesburg. Riwaya yake aliiandika mwaka 1946 akiwa safarini Ulaya na Marekani. Ilitolewa New York mwaka 1948, mwaka ule ule ambao chama cha National kilishika serikali nchini mwake na kuanza kuujenga utawala wa apartheid.

Kisa chenyewe chafahamika na wengi. Stephen Kumalo, kasisi mzee wa kijiji cha Ndotsheni katika Natal, anakwenda Johannesburg kuwatafuta dada yake na mwanawe. Anamkuta mwanawe, Absalom, gerezani. Amemuua kwa risasi Arthur Jarvis, Mzungu aliyekuwa akitetea haki za Waafrika. Baba yake Arthur, James Jarvis, ni mkulima ambaye shamba lake liko juu ya bonde lile lile la Ndotsheni.

Kama mateso yenyewe ndiyo yaletayo neema, basi wahusika wote wangeipata. Gertrude, dada yake Stephen, ameyaonja maisha magumu ya mji, lakini anatoroka kabla ya safari ya kurudi nyumbani na kumwacha mtoto wake. John, ndugu yao, anapoona mwanawe yu hatarini, hatari hiyo yamfunza hila tu. Anatafuta wakili, kijana anakana, anaachiliwa. Na Absalom, aliyesema kweli, ananyongwa peke yake. Jua liyeyushalo nta ndilo likaushalo udongo.

Hata Stephen mwenyewe, maumivu yanamfanya mkatili kwanza. Anamhoji msichana mjamzito aliyeachwa na Absalom kwa maswali ya kumdhalilisha, mpaka anajionea haya na kumwomba radhi. Baadaye anamzulia ndugu yake uongo ili kumchoma moyo, akafukuzwa, akabaki kujuta nje ya mlango. Ingekuwa rahisi kwa Paton kumchora mtakatifu. Badala yake ametuonyesha kasisi anayetambua kwamba ukatili anaouhukumu kwa wengine umo pia moyoni mwake. Kwa maoni yetu, hapa ndipo neema inapopata mwanya wa kuingia.

Mahali pa pili ni kizingiti cha nyumba moja katika mji wa Springs. Kumalo amekwenda kuulizia habari za binti wa jirani yake, na anayefungua mlango ni Jarvis. Mzee anatetemeka, miguu inamwishia nguvu, na mwisho anaungama kuwa mwanawe ndiye aliyemuua mwana wa mwenyeji wake. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jarvis, ambaye amekuwa akizisoma karatasi za marehemu na kumfahamu mwanawe upya, hamwonyeshi hasira. Kutoka hapo huruma inapata mikono: maziwa kwa watoto wa Ndotsheni, bwana shamba wa kuwafundisha wakulima, na mpango wa bwawa.

Lugha yetu yatusaidia kuifafanua hali hii. Katika matumizi ya kidini, rehema na neema twazitaja zaidi kama vipawa vya Mungu, na huruma twaitarajia kwa binadamu. Riwaya hii yaelekea kusema kwamba kipawa hupokewa pale mtu anapothubutu kumwendea mwenzake.

Hata hivyo, wapo walioishutumu. Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, waandishi wa Afrika Kusini pia, waliona kwamba mahubiri yamezidi, na kwamba Kumalo ni mnyenyekevu kupita kiasi. Tunawaunga mkono kwa sehemu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi, na ile ya mwaka 1936 ikapandisha kiwango hadi asilimia 13 hivi. Maziwa, hata yakiwa matamu, hayarudishi shamba. Lakini kitabu chenyewe kinalijua jambo hilo. Napoleon Letsitsi, yule bwana shamba kijana, anamkumbusha kasisi kwa heshima kwamba Wazungu ndio waliowaachia Waafrika ardhi kidogo namna ile. Wema wa Jarvis haulifuti deni hilo, na Paton hakumpa Kumalo hoja ya kumshinda kijana.

Suala hili laugusa pia ukanda wetu. Nchini Rwanda, ambako mahakama za gacaca zilimaliza kazi yake mwaka 2012, ndugu za waliouawa na ndugu za walioua wangali wakiishi vijiji vimoja. Kumwambia mfiwa kwamba msiba wake ni neema ni kumjeruhi mara ya pili.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wasilipokee jibu lile fupi mpaka mwanafunzi aeleze mambo matatu: nani ameteseka, nani au nini kilichomtesa, na nani aliyeondoka kwake kwenda kubisha hodi kwa mwenzake. Atakayeyajibu hayo atakuwa ameisoma riwaya, na huenda akawa amejifunza pia jinsi ya kukaa na jirani aliyefiwa.