Zana Nzito kwa Samaki wa Kuachiwa

Mvuvi wa mshipi wa Mafia au Lamu akionyeshwa zana za kuvulia stajeni wa Mto Fraser, swali lake la kwanza litakuwa: samaki huyo kilo moja inauzwaje? Fimbo ngumu ya karibu mita 3, mshipi wa kusuka unaohimili kilo 60, ndoana inayopitisha kidole gumba, risasi ya nusu kilo. Haviendani na samaki asiyeuzwa. Lakini ndivyo ilivyo: katika jimbo la British Columbia, Kanada, stajeni mweupe wa mto huo haruhusiwi kuchukuliwa na mvuvi wa fimbo tangu 1994. Ananaswa, anapimwa, anarudi majini. Uzito wa zana unatokana na sharti hilo.

Tuanzie chini, maana huyu ni samaki wa chini. Anaweza kupita mita 3 kwa urefu na miaka 100 kwa umri, ila macho yake ni madogo na hayamfai sana. Mbele ya mdomo ana sharubu nne za kupapasia, kama kambare, na chini ya pua ana vitundu vinavyohisi umeme hafifu wa viumbe, uwezo alio nao papa pia. Mdomo wenyewe uko upande wa tumboni, hauna meno, na hujitokeza nje kama mrija. Kwa hiyo hang'ati chambo. Anakinusa, anakipapasa, kisha anakifyonza.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, chambo kitoe harufu, na kiendelee kuitoa. Kuanzia Mei hadi Julai theluji ya milimani inayeyuka, mto unafurika tope, na rangi ya chambo haina maana yoyote. Pili, ncha ya ndoana ibaki wazi. Wanaoanza hupenda kuifunika kabisa wakidhani samaki ataiona. Matokeo yake ni kwamba stajeni anafyonza donge zima, mvuvi anavuta, na ncha iliyozama ndani ya nyama haimchomi popote. Anatema, anaondoka.

Chambo chenyewe kinakwenda na kalenda ya mto. Majira ya kuchipua hupanda yulakoni, visamaki vyenye mafuta mengi vinavyotoka baharini kuja kutaga. Siku hizi vimepungua sana. Mafuriko yakija, hutumika minyoo na vipande vya lamprei. Kuanzia Agosti salmoni wanapanda, na mayai yao ndiyo yanayotawala. Salmoni wa waridi huingia Fraser kwa wingi miaka isiyogawanyika kwa mbili, hivyo mwaka mmoja nyama yake imejaa mtoni, mwaka unaofuata haipo. Oktoba na Novemba ni zamu ya salmoni chamu, ambao hufa baada ya kutaga. Minofu yao, hata iliyoanza kuoza, stajeni anaifuata.

Kwangu mimi, chambo kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote ni mayai yaliyofungwa ndani ya kipande cha soksi ndefu za nailoni, zile za akina mama. Tundu zake zinapitisha utomvu, visamaki vidogo vinashindwa kudonoa punje mojamoja, na mkondo hauyatawanyi.

Risasi huteleza juu ya mshipi, haikufungwa moja kwa moja, ili samaki akiinua chambo asihisi mzigo. Tena inaning'inizwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi: ikinasa kwenye gogo, unakatika uzi, inapotea risasi peke yake. Mto ukiwa mtulivu robo kilo inatosha. Ukifurika, hata zaidi ya nusu kilo. Hapa ndipo mshipi wa kusuka unapoupita ule wa nailoni. Kwa nguvu ileile ni mwembamba zaidi, mkondo haupati pa kuusukuma, na risasi inakaa ilipotupwa.

Pia haunyumbuki, na hilo lina uzito wake kwa sababu sheria inadai ndoana isiyo na kijino cha nyuma. Ndoana kama hiyo hushikiliwa na mshipi uliokazwa tu; ukilegea kidogo samaki akigeuka, imechomoka. Kipande cha mwisho, karibu na ndoana, ni uzi mnene na laini: mnene kwa sababu stajeni, hasa mdogo, ana safu za magamba ya mfupa yanayokata, laini kwa sababu uzi mgumu humshtua anapofyonza.

Fimbo haihitaji maneno mengi. Iwe na mgongo mgumu na ncha inayoinama kirahisi, na ikae kwenye kishikizo, si mkononi. Ncha ikigutuka mara mbili, mwache. Ikishuka na kubaki chini, vuta.

Wapo wanaovua kwa zana nyepesi wakisema pambano refu ndilo tamu. Siwaungi mkono. Stajeni anayevutwa kwa muda mrefu hujaa asidi ya laktiki kwenye misuli, na maji ya Agosti yenye joto hubeba oksijeni kidogo ya kumrudishia pumzi. Zana nzito inamfikisha ubavuni mwa boti angali na nguvu. Hapo kazi ni kumpima akiwa majini, kumpitishia kisomeo cha alama ndogo ya kielektroniki ambayo huenda aliwekwa aliponaswa zamani, na kuchomoa ndoana, ambayo kwa kukosa kijino hutoka bila kuchana mdomo.