Uzamili wa Likizo: Jinsi Mwalimu wa Gatitu Anavyoipanga Tasnifu

Uzamili unaosomwa likizoni hufuata kalenda ya shule. Aprili, Agosti na Desemba mwalimu huwa mwanafunzi chuoni. Shule zikifunguliwa, hurudi kushika chaki. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimewafundisha walimu wengi kwa utaratibu huo. Huko Marekani, Chuo cha Goddard, Vermont, kilianza mtindo unaofanana nao mwaka 1963, tena kikimwachia kila mtu mzima ajibunie masomo yake, hadi kilipofungwa mwaka 2024. Kenya hakuna uhuru wa kiasi hicho. Kozi hupangwa na idara. Kinachobaki mikononi mwa mwanafunzi ni tasnifu.

Kwa mwalimu anayeishi Gatitu, pembezoni mwa mji wa Nyeri, kazi basi ni kupata mada ambayo data yake haimtoi kazini. "Matatizo ya Kiswahili Nyeri" haishikiki. Mkanganyiko wa l na r katika insha unashikika. Kikuyu hakina l, kwa hiyo mtoto aliyekulia nacho hununua karamu ya bluu dukani, naye msahihishaji hucheka kabla ya kuweka alama nyekundu. Mwingine hujisahihisha kupita kiasi, barua ikawa balua. Makosa hayo ya pande mbili huhesabiwa mbalimbali, na kila hesabu hulinganishwa na mara zote ambazo herufi husika ilihitajika. Bila hivyo, insha ndefu itaonekana mbovu kwa urefu wake tu.

Rundo la insha mezani halijawa data, hata kama mwalimu ndiye aliyezisahihisha. Pendekezo hutetewa kwanza mbele ya jopo. Hufuata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013, ruhusa ya mwalimu mkuu, na idhini ya wazazi, kwa kuwa wengi wa waandishi hao ni watoto. Hapa ndipo ratiba huvunjika: anayetetea Desemba akaomba leseni Februari huwa ameshapoteza nusu ya muhula wa kwanza.

Rasimu huenda kwa msimamizi kwa baruapepe, sura moja moja, ikitanguliwa na ukurasa unaoonyesha kilichobadilishwa. Siku za chuoni huachiwa maktaba, jopo, na zile insha zenye utata, ambazo mwanafunzi na msimamizi huzisoma pamoja, mstari kwa mstari, hadi wakubaliane lipi ni kosa la lugha na lipi ni mwandiko mbaya.