Hukumu ya Nairobi Isomwapo Kando ya Ruvuma

Ipo hukumu moja ambayo, laiti ningekuwa bado chuoni, ningewapa walimu wanafunzi waisome kama insha. Ilitolewa tarehe 26 Julai 2013 na marehemu Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu ya Kenya. Mwezi Desemba 2012 serikali ya huko ilikuwa imetangaza kwamba wakimbizi wa mijini wahamishiwe makambini, kwa sababu za usalama. Kituo cha Sheria na wenzake wakashtaki. Jaji akaitengua amri.

Ninachokisifu ni jinsi anavyolishughulikia neno "usalama". Halidharau, wala haliogopi. Ataka serikali ionyeshe jinsi kuhamisha kundi zima la watu kutakavyoiondoa hatari inayodaiwa. Tena aonya kwamba kumbana mkimbizi hata akaona afadhali arudi alikotoka ni njia nyingine ya kumrudisha kwenye hatari, jambo ambalo sheria ya mataifa yalikataza.

Hata hivyo hukumu ile yaanzia kwenye karatasi. Palikuwa na tangazo, palikuwa na barua ya serikali, na palikuwa na mawakili wa kuzichukua hadi mahakamani. Mahakama hupitia uamuzi uliokwisha kutolewa. Je, pasipo uamuzi?

Hapo ndipo sisi wa Mtwara tunapoisoma kwa jicho jingine. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walivuka Ruvuma kuja kwetu, wengi wao Wamakonde kama sisi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilisema kwamba tangu Januari hadi Juni mwaka ule watu zaidi ya 9,600 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, na kwamba watu hawakupewa nafasi ya kuomba hifadhi. Waliorudishwa walisimulia kwamba walihojiwa, wakapelekwa kwanza katika shule ya msingi. Shule! Mahali ambapo mtoto hakosi siku moja bila mwalimu kuandika.

Sisemi hofu ya serikali ilikuwa ya kubuni. Oktoba 2020 washambuliaji kutoka ng'ambo waliingia Kitaya, humu humu mkoani, wakaua na kuchoma nyumba. Lakini hoja ya Kitaya ndiyo hasa inayofaa kuwekwa mbele ya jaji: huyu ni mshambuliaji, yule ni mama aliyemkimbia. Na Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 hauishii kwa aliyekwisha kupokelewa. Wakataza hata kumkatalia mtu mpakani.

Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, iliilaumu Tanzania kwa habari ya mtu aliyefukuzwa nchini mwaka 2014, akakataliwa na Kenya pia, akabaki kati ya mipaka miwili. Kosa mojawapo lilikuwa kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Naiona hukumu hiyo yatufaa zaidi kuliko ile ya Nairobi, maana yagusa kukosekana kwa mlango wenyewe.

Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Mtwara mjini. Kutoka Kilambo, penye kivuko, ni mwendo mfupi kwa gari. Negomano, kwenye Daraja la Umoja, ni mbali mno zaidi, na huko magari yalipatikana.