Siti Hakuzaliwa Akijua

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, Siti binti Saad ndiye alikuwa kinga yangu. Mtu akiniuliza cheti kiko wapi, namrudishia: na Siti je? Binti wa Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, hakujua kusoma wala kuandika, na bado mwaka wa 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kipaji tu, basi.

Juzi nimerudia wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, na hoja yangu ikaanza kuvuja. Siti alifundishwa! Alipohamia mjini Unguja, wanamuziki walikaa naye wakamfunza kuimba, Kiarabu kikiwemo, naye akashika yote kwa sikio. Na taarabu ile ina makamu: mipangilio ya sauti yenye majina, kila mmoja na njia yake ya kupanda na kushuka. Hiyo ni nadharia, jamani, hata kama hakuna aliyeichora kwenye mistari mitano.

Kwa hivyo tunaposema Siti hakusoma, tunamaanisha karatasi. Walimu wake tunawaruka kwa sababu hadithi inanoga zaidi bila wao. Mimi nimewaruka miaka minne.

Gitaa langu nalipiga kwa sikio, kordi zilezile nne. Wiki jana nilimwomba jirani anayefundisha kwaya anionyeshe ya tano. Akaniuliza kwanza majina ya zile ninazozijua. Nikabaki nimeshika nyuzi tu.