Siasa za Kijani Pasipo Chama: Uhakiki wa Kadhia ya Mabira

Vyama vya kijani vya Afrika Mashariki hupimwa kwa viti vya bunge. Kwa kipimo hicho Rwanda inatangulia, kwani chama cha Frank Habineza kilipata viti 2 mwaka 2018. Nchini Kenya, Wangari Maathai aliingia bungeni mwaka 2002 chini ya mwavuli wa NARC, si kwa chama cha kijani. Uchaguzi wa Uganda wa 2021 haukutoa mbunge yeyote wa kijani.

Hata hivyo, kipimo hiki kinaficha mengi. Aprili 2007, waandamanaji jijini Kampala walipinga kugawiwa kwa takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa. Watu waliuawa, ghadhabu ikawaangukia hata wakazi wenye asili ya Asia, na mwaka huohuo mpango ukasitishwa. Chama cha kijani hakikuongoza. Aliyevuma ni Beatrice Anywar wa FDC, “Mama Mabira”, ambaye baadaye aliteuliwa Waziri wa Nchi wa Mazingira.

Hapo ndipo penye pengo. Umma unaweza kuuokoa msitu pasipo chama, lakini hoja iliyobebwa na mtu mmoja huhama pamoja naye. Kinachokosekana Uganda ni taasisi ya kuitunza hoja hiyo maandamano yanapokwisha.