Mgema na Sifa za Simu

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku hizi mwimbaji wa Uvira hangoji sifa za jirani. Akiisha kutia wimbo wake katika Facebook au YouTube, hukaa akiitazama simu na kuhesabu: wangapi wameupenda?

Hatumlaumu kwa kutumia simu. Wimbo uliopigwa Mulongwe husikika Bujumbura siku ile ile, na hata kambini Nyarugusu, upande wa Kigoma, walikokimbilia ndugu zetu wengi tangu 1996. Hiyo ni faida kubwa. Kosa ni kuifanya hesabu kuwa hakimu.

Maana hesabu hiyo si shahidi mwaminifu. Mwaka 2006, huko Marekani, wataalamu Salganik, Dodds na Watts walieleza jaribio lao. Watu zaidi ya 14,000 waliwekewa nyimbo 48 zisizojulikana. Baadhi yao walichagua pasipo kujua wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa makundi 8, wakaonyeshwa wangapi wa kundi lao wamekwisha kuchukua kila wimbo. Ikawaje? Wimbo mmoja ulikuwa wa 1 katika kundi moja, na katika kundi lingine wa 40! Zilizo bora sana zilishindwa vibaya kwa nadra, na zilizo mbovu kabisa zilifanikiwa kwa nadra. Lakini zilizobaki zilipanda na kushuka kama mtumbwi ziwani. Watu walifuata watu.

Basi, fikirini kijana aliyetunga kwa Kifuliiru au Kibembe. Akiona waliopenda ni 30 tu, huona haya, akaiacha lugha ya mama yake, akaiga mtindo wa Dar es Salaam au Kinshasa. Hapo ndipo maji yanapoingia katika tembo. Wala hakuwauliza wale 30 walisikia nini. Labda mmoja wao ni mkimbizi aliyekumbuka kwao.

Kitufe cha kupenda kilianza katika Facebook mwaka 2009. Nyimbo za harusi na za kilio katika pwani yetu hazikukingojea. Ndugu msanii, tangu 2021 Instagram hukuruhusu kuificha hesabu hiyo. Ifiche. Kisha uimbe mbele ya wazee watano wanaoijua lugha hiyo vizuri, uwaulize: neno gani halikukaa sawa? Watakuambia, nawe utajua pa kutengeneza.