Ziwa Ndilo Kisima

Swima iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, nchini Kongo. Mbaptisti wa hapo hana haja ya kuchimba kisima cha ubatizo. Pwani ileile inapoegeshwa mitumbwi ya kuvulia ndagala, anayekiri imani anaweza kuingia hadi kiunoni, azamishwe mzima, ainuke maji yakimchuruzika.

Neno “ubatizo” lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kuzamisha. Wabaptisti wamelishika hivyo hivyo. Mtoto mchanga huombewa tu. Ubatizo humngoja mpaka aamini mwenyewe.

Wabaptisti wanastahili pongezi hasa kwa uhuru wa dhamiri. Mwaka 1612, Mbaptisti Thomas Helwys alimwandikia James wa Kwanza wa Uingereza kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu, wawe Waislamu au Wayahudi. Alitupwa gerezani Newgate. Mtu mkaidi, lakini ukaidi wenye faida!

Wamisionari Wabaptisti walifika Kongo mwaka 1878. Leo, jumuiya kubwa ya Kibaptisti ya Kivu, CBCA, ina makao Goma. Kwa desturi ya Kibaptisti, Biblia ndiyo mwamuzi, na katika mkutano wa kanisa mama anayeuza ndagala hupiga kura moja, sawa na shemasi.